Msaidizi wa Mwalimu Domitila

Maharage yaliyohifadhiwa kwa majivu yana harufu yake, na harufu hiyo huipati dukani. Mama yangu alikuwa akiyaanika uani, akayachanganya na majivu ya jikoni ili wadudu wasiyaingilie, kisha akalifunga gunia na kulisukuma uvunguni mwa kitanda chetu, sisi watoto tukalala juu ya harufu hiyo msimu mzima. Wiki iliyopita mzazi mmoja hapa Nyamahanga, ninakofundisha, aliniletea mfuko wenye sado moja ya maharage ya namna hiyo. Nilifungua mfuko, majivu yakanirukia puani, nikapiga chafya mara tatu, na chafya ya tatu ilinikuta kijijini kwetu Bukiriro, darasa la pili, nimekalia tofali.

Darasa la pili nililisoma mara mbili. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu wakati ule sikujua kwamba kuna aibu yoyote. Wenzangu walipopanda la tatu na mimi nikabaki, nilielewa jambo moja tu, kwamba Mwalimu Domitila asingeiweza kazi peke yake. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Shule ilikuwa imefurika, mwalimu mmoja alikuwa na watoto wa kujaza kanisa, na ni nani katika hali ile asingependa kubakiza mtu mmoja anayejua mambo? Mimi nilijua mambo. Kitabu cha kusoma nilikuwa nakimaliza mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Nilikuwa nimekisikia kikisomwa mwaka mzima, nikakimeza chote; nikiona picha ya kuku, maneno ya kuku yanatoka, nikiona picha ya kisima, yanatoka ya kisima. Siku moja kaka yangu aliniambia kwamba nimekishika juu chini. Nilimjibu kwamba mtu anayejua kusoma hasumbuliwi na upande.

Tofali nililokalia lilikuwa na sababu yake. Watu waliovuka mto pale Rusumo walikuwa wamelala kwenye madarasa yetu kabla ya kupelekwa kambini, na baridi ya kwetu haina mchezo, hivyo madawati yakageuka kuni. Mbao za madirisha nazo zilikwenda. Nyumbani hakuna aliyewalaumu sana. Baba alisema angekuwa yeye angeanza na mlango.

Mwalimu Domitila alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, kiasi kwamba ilibidi unyamaze ndipo umsikie, na nadhani ndiyo ilikuwa hila yake. Kila siku asubuhi, wengine wakienda shamba la shule, yeye alichukua watoto kumi akaenda nao kwenye kibanda cha jiko nyuma ya madarasa. Kumi, na mimi msaidizi. Walikuwa ni wale ambao shule ilikuwa imeshindwa kujua iwafanyeje. Kulikuwa na mmoja asiyesikia vizuri sikio la kushoto, na mapacha waliokuwa wakilia wakitenganishwa hata kwa hatua mbili. Kulikuwa na Devota, ambaye alikuwa analala. Devota alikuwa akifika, anaketi, na kabla jua halijagusa kizingiti kichwa chake kimeshaanguka kifuani. Mwalimu alimtandikia mkeka pembeni akamwacha. Mimi jambo lile lilinikera kweli kweli. Nilikuwa na hakika kwamba usingizi ule ni ujinga uliokosa mahali pa kujificha.

Yozefina aliletwa na shangazi yake asubuhi moja ya ukungu, akawa wa kumi na mmoja. Shangazi alikuwa ameolewa pale kijijini zamani, kabla ya vita ya upande wa pili wa mpaka. Nikasimama nikampa shikamoo kwa sauti, kama anavyopaswa kufanya msaidizi wa mwalimu, akaitika marahaba huku akimsukuma mtoto mbele. Mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa, gauni la mtu mwingine. Lugha haikuwa tatizo. Kirundi chao na Kihangaza chetu husikilizana bila mkalimani. Tatizo ni kwamba hakusema hata neno moja la lugha yoyote.

Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio akaanza kuita majina. La kwanza likaitikiwa, la pili likaitikiwa, na la tatu lilipoitwa Yozefina alikuwa ameshapita dirishani, anakimbilia migombani. Nilimfukuza. Nilikuwa na mbio, na nilikuwa na cheo cha kulinda. Nikamkamata gauni, akaniuma mkono, nikainua ngumi. Mwalimu Domitila aliidaka ngumi ile hewani. Hakunigombeza. Alinirudisha kibandani, akanipa ungo uliojaa maharage ya kila aina, mekundu, meusi, ya madoadoa, ya njano, kama tunavyoyapanda kwetu mchanganyiko, akaniambia, "Laurensia, nichambulie haya. Kila moja na wenzake."

Nikachambua nikiwa nimevimba kwa hasira. Nilipofika kwenye fungu la mwisho nilikuwa sikumbuki tena nimekasirikia nini. Kazi hiyo nilipewa mara nyingi mwaka ule, maana ngumi yangu ilikuwa nyepesi, na kila mara niliamini kwamba nyumbani kwa mwalimu kuna uhitaji mkubwa wa maharage yaliyochambuliwa. Siku moja nilimwona akiyamwaga mafungu yangu yote katika kopo moja na kuyakoroga. Nilimhurumia. Nilidhani amesahau.

Kesho yake shangazi alirudi, na nilimsikia akieleza, kwa sababu nilihakikisha niko karibu. Kwetu r na l huazimana nafasi, hasa kwa watu wazima.

"Mwalimu, huyu si mkaidi," alisema. "Kule kambini waliitwa majina wapande rori, wahamishiwe kambi nyingine. Mama yake akaitwa, akaitika, akapanda. Alidhani na mtoto ataitwa. Jina la mtoto halikuwepo kwenye karatasi ile. Rori likaondoka."

"Na mama yuko wapi sasa?"

"Tunaulizia. Tunaendelea kuulizia."

Mwalimu alifunga daftari la mahudhurio. Mimi nikautazama mkono wangu mahali nilipoumwa.

Kuanzia wiki ile hakuna jina lililoitwa kibandani. Mwalimu alimwagiza kila mmoja wetu alete kutoka nyumbani punje moja ya maharage isiyofanana na ya mwingine. Ikawa vurugu ya siku tatu, watu wakigombea punje za madoadoa, lakini mwishowe kila mtu akawa na yake. Yangu ilikuwa kubwa, ya zambarau yenye jicho jeupe, na ukiniuliza mimi ilikuwa nzuri kuliko zote. Ya Devota ilikuwa ndogo nyeusi. Yozefina alileta njegere kavu ya njano iliyopasuliwa katikati, ile ya mgao wa kambini.

"Hiyo haiwezi hata kuota," nilimwambia.

"Hatupandi," alisema mwalimu.

Punje zikawa zinalala kwenye ungo pale mlangoni. Asubuhi ukifika unaokota yako na kuitumbukiza ndani ya kibuyu, na wewe umeshahesabiwa. Zilizobaki kwenye ungo ni za wasiofika. Siku ya kwanza Yozefina alisimama mbali akitutazama. Siku ya pili alisogea. Siku ya nne nilisikia njegere ikigonga ndani ya kibuyu, na mwalimu aliendelea kuandika ubaoni bila kugeuka.

Basi hapo ndipo mwalimu mkuu alipotuingilia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo unatisha, na alikuwa na watoto waliokuwa wanasomea nje kwa kukosa nafasi. Nilikuwa napeleka ndoo ya maji jikoni nikamsikia nyuma ya ukuta wa kibanda.

"Mwalimu Domitila, wawili siwezi kuendelea nao. Huyu asiyeitika jina, na yule asiyejua hata herufi moja mwaka wa pili huu. Nawatoa daftarini. Wakakae nyumbani wakomae, watarudi."

"Wakishatoka hawarudi, na wewe unajua."

"Afisa wa wilaya anakuja wiki ya mwisho wa muhula. Mbele yake huyo mmoja aitike na mwenzake asome. Wakishindwa, nafuta majina yote mawili."

Nilisimama na ndoo yangu kichwani, maji yakinidondokea shingoni. Wa kwanza nilimjua. Na wa pili sikuhitaji kufikiri, alikuwa amelala kwenye mkeka mdomo wazi. Pamoja na kero zake zote, sikutaka Devota afukuzwe. Nilimwendea mwalimu siku ileile.

"Mwalimu, Devota niachie mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Devota.

"Haya," alisema. "Nakuachia."

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimezaa watoto wanne. Tulikuwa tunaziumba herufi kwa maharage juu ya ungo. Kila asubuhi mwalimu alinifundisha mimi kwanza herufi ya siku hiyo, kwa sababu, alisema, msaidizi lazima atangulie. Nilipitisha kidole juu ya punje, nikasema sauti yake, nikarudia hadi aridhike, halafu nikaenda kumwamsha Devota. Naye Devota alikuwa na kichwa kigumu ajabu. Anaiona a anaiita o. Nikimwambia b tumbo lake liko mbele, anauliza, "Mbele ni wapi?" na mimi inabidi niitazame tena, niipime kwa kidole, niwe na hakika, kwa maana nisingekubali kupotea mbele ya mtu wa namna ile. Leo amejua, kesho amesahau, nami naanza upya. Mara mbili nilimfinya. Mara mbili nilipewa ungo nichambue. Siku nyingine nilimwuliza neno, akasema sivyo, nikabishana naye mpaka nikalivunja silabi moja moja mbele ya uso wake ili aone alivyokosea. Akaliangalia. Akasema, "Kumbe," akapiga miayo.

Yozefina alikuwa akiketi karibu yetu. Polepole alikuwa amechukua kazi ya kibuyu. Jioni alikuwa akikimimina na kuzirudisha punje kwenye ungo kila moja mahali pake, na alijua za watu wote bila kuuliza. Mimi kwa shingo upande nilimwachia kazi hiyo, kwa sababu Devota alikuwa ananimaliza.

Mgeni wa wilayani alikuja siku ya mvua, mama mnene aliyechoka kwa safari, viatu vyake vimejaa udongo wetu mwekundu. Mwalimu mkuu alimleta mpaka kibandani na daftari mkononi.

"Hawa wa huku wako wangapi?" mgeni aliuliza.

"Kumi na wawili," alijibu Mwalimu Domitila.

Nilishtuka. Niliwapitia haraka kwa macho, nikapata kumi na mmoja. Nikaona mwalimu ameingiwa na woga hata hesabu imemtoka, nikaamua kumstahi kwa kunyamaza.

Mwalimu mkuu alianza kuita. Nilimwona Yozefina akijikunja kwa kila jina kama mtu anayerushiwa kokoto. Jina lake lilipofika alikuwa ameshasimama na mgongo wake uko nje kwenye mvua. Sikufikiri. Nilibana pua, nikaitika kwa sauti nyembamba, "Nipo, mwalimu."

Watoto wakacheka. Mwalimu mkuu hakucheka.

"Laurensia. Njoo hapa. Unajua umeitikia jina gani? Lisome."

Aliweka kidole kwenye daftari. Nilitazama, nikatafuta picha. Hakukuwa na kuku wala kisima, kulikuwa na mistari na wino, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilihisi kwamba sijui kitu. Kisha nikaona pale mwanzoni ule mti wa panda mbili ambao nilikuwa nimemchorea Devota mara ishirini, na baada yake duara, nikasema "Yo". Nikaona mengine. "Ze. Fi. Na." Kidole cha mwalimu mkuu kilisogea mpaka mstari mwingine, nikasoma, "La-u-re-nsi-a," nikamwambia, "Huyu ni mimi."

Alinitazama, akamtazama Mwalimu Domitila. Mwalimu Domitila alikuwa anatazama chini, na mashavu yake yalikuwa yamelowa, ingawa pale alipokuwa amesimama mvua haikumfikia.

Kwa vile watu wote walikuwa wananitazama mimi, hakuna aliyemwona Yozefina akirudi ndani. Alikuwa amekichukua kibuyu. Alikimimina kwenye ungo, akachukua punje ya kwanza, akaenda kuiweka mbele ya pacha mmoja, na ya pili mbele ya mwenzake. Akaweka ya yule wa sikio la kushoto. Akaweka ya Devota. Hakuharakisha.

"Huyu anafanya nini?" aliuliza mgeni.

"Anaita majina, mama," alijibu Mwalimu Domitila.

Aliniwekea ya zambarau juu ya kiganja. Ikabaki njegere ya njano peke yake. Alimwendea mwalimu mkuu, akaiweka juu ya daftari, kwenye mstari ambao mimi nilikuwa nimeusoma sasa hivi. Kisha akarudi kwenye tofali lake akaketi.

Mgeni aliitazama ile njegere.

"Mwandike yupo," alisema.

Mwalimu mkuu akaandika, akafunga daftari, wakaanza kuondoka. Nikaona kazi yangu yote inakwenda bure. "Mwalimu, bado Devota," nilisema. "Devota hajasoma."

"Devota?" alisema mwalimu mkuu. "Devota ana nini?"

Nikafunga mdomo haraka, wasije wakakumbuka. Walipotokomea nilimwendea Devota nikamwambia kwamba amepona, na kwamba amepona kwa sababu yangu. Aliniambia asante, akajinyoosha kwenye mkeka.

Yozefina aliendelea kusoma na sisi. Maneno yalimrudia mwaka uliofuata, machache, mengi ya kunikosoa mimi. Mama yake alipatikana baadaye kambi nyingine, akaja kumfuata kwa miguu, na tukamsindikiza watu wa kibandani wote mpaka barabara kuu. Alikwenda na njegere yake. Nililia kwa uchungu, na aliyejaribu kunibembeleza nilimpiga.

Devota nilikutana naye Rusumo miaka mingi baadaye, tukiwa watu wazima wenye familia zetu. Ni wakala wa forodha, anatembea katikati ya malori na kizibao cha kung'aa na mafaili kwapani, madereva wanamwita mama kwa heshima. Tuliagiza chai. Nikamtania kwamba aliyemfundisha kuzisoma karatasi hizo ni mimi, na kwamba nilimwokoa asifutwe daftarini.

Aliweka kikombe chini.

"Dada Laurensia," alisema, "mpaka leo hujui?"

"Nijue nini?"

"Mimi nilikuwa najua kusoma tangu darasa la kwanza. Marehemu mama alinifundisha kwa kitabu cha sala, kabla ugonjwa haujamlaza. Usiku nilikuwa namuuguza yeye na kubeba mdogo wangu, ndiyo maana nikifika shule nalala. Mwalimu aliniita siku moja akaniambia, 'Devota, nisaidie. Laurensia atakufundisha. Wewe kosea.'"

Nami nikaweka kikombe changu chini.

"Kazi ngumu, dada yangu. Na ulikuwa unafinya."

Aibu ya darasa la pili ilinifikia pale mezani, mtu mzima na cheti changu cha ualimu. Baada ya aibu ikaja hasira, maana nisingekuwa mimi bila hasira, na laiti pangekuwa na ungo wa maharage karibu ningeuomba. Kumi na wawili. Mwalimu hakuwa amekosea hesabu. Nikaanza kucheka, Devota naye akacheka, tukacheka mpaka dereva mmoja akaja kuuliza kama kuna habari njema mpakani.

Mwalimu Domitila alikuwa ameshafariki nilipoyajua haya, na naumia kwamba sikumshukuru. Lakini kazi yake ninayo. Ninafundisha watoto ambao shule haijui iwafanyeje, nami najua, au najua pa kuanzia, na kibuyu changu kiko mlangoni.

Maharage yale ya sado nilikwenda nayo darasani na majivu yake. Ninaye binti mmoja, Editha, anarudia darasa la pili. Ana kelele, ana ngumi nyepesi, na hadithi zote za kitabu anazijua kwa kichwa. Juzi alinifuata mezani, mikono kiunoni, akanionyesha Anita kwa kidevu. Anita ni mtoto mpole asiyenyoosha mkono, na anasoma vizuri kuliko wote.

"Mwalimu, yule hajui kitu," alisema. "Niachie mimi."

Nikamwambia haya, nakuachia. Na alipokimbilia ungo, nilimwita Anita pembeni.